Wodini Tuliita Kusitiri

Shija mwanangu,

Asubuhi uliniamkia, nikakuitikia, na tangu hapo hatujasemezana neno la maana. Sasa umeenda kusukwa kwa mama Neema, na nywele zako zilivyo nyingi najua hutarudi mapema. Kesho tutakuwa Buzuruga na mizigo yako, na stendi si mahali pa kusemea mambo haya, wapiga debe wanavyovutana na abiria. Ndiyo maana nimekaa mezani nikuandikie. Mwandiko wangu unaujua, ni wa kinesi, vumilia.

Sitakuandikia habari za kupika wala za kuamka mapema. Ugali wako ni mzuri kuliko wangu na dagaa wako hawana mchanga, jikoni mkweo mama Magesa hatapata la kusema. Nataka kusema lile jambo ulilonikataza. Uliniambia, "Mama, limeisha, liache liishe." Nimejaribu kuliacha. Nimejikaza kisabuni tangu Kwaresima, nimeshindwa. Naogopa, Shija. Mimi niliyeua nyoka kwa mwiko mbele yenu mkiwa wadogo, sasa jina la Musoma unakokwenda linanitisha.

Unakwenda kukaa na mume wako, na Mungu akijalia mtapata mtoto mwingine. Ndicho unachokitaka, na mimi ndicho ninachokiomba. Lakini kadi yako ya kliniki inasema ulijifungua mtoto mfu, basi, imeishia hapo. Haisemi alikuwa na nini. Nesi wa kule ataisoma, atakwambia pole, atafunua ukurasa. Na wewe umeshaniambia kwamba utanyamaza, kwa kuwa mama mkwe wako atakuwa amekaa kwenye benchi pembeni yako, anasikiliza.

Siku tuliyogombana wewe ulikuwa unalia na mimi nilikuwa najitetea, kwa hiyo hukusikia jambo hili lilianzia wapi. Ngoja nikueleze. Sikuelezi ili unihurumie. Huruma yako siitaki sasa, nataka masikio yako tu.

Nilipokuwa bado mgeni kwenye kazi ya ukunga, alikuja binti mmoja aitwaye Tabitha, alivuka na kivuko kutoka upande wa Kamanga, uchungu umeshamshika. Akajifungua mtoto wa kiume, analia vizuri, ana nguvu, ila chini ya mgongo palikuwa wazi, pamevimba nyama nyekundu. Nikafanya kama nilivyofundishwa chuoni. Kwenye rejista ya wodi nikaandika, na kwenye kadi yake nikaandika kwa Kiswahili safi ili hata huko kwao waelewe: mgongo wazi, apelekwe hospitali kubwa haraka. Nilijisifu moyoni kwa mwandiko mzuri siku ile.

Kumbe kule nyumbani shemeji yake aliyesoma aliichukua ile kadi akaisoma kwa sauti uani, watu wote wa mji wamekaa. Wakaanza kuulizana mwanamke huyu katokea ukoo gani. Hawakumpeleka mtoto popote. Tabitha alirudi kwetu baadaye, peke yake, mtoto kafungwa kwenye kitenge, kidonda kimeshaoza. Mtoto akafia mikononi mwetu. Tabitha hakunitukana. Aliniambia tu, "Sista, ungeandika mtoto, basi. Ungeandika mtoto tu." Akaondoka, na kule kwa mumewe hakupokelewa tena. Sikumwona tena mpaka leo.

Wakunga wakubwa wakanicheka kwa upole, kama mtu anavyochekwa akiungua mara ya kwanza jikoni. Ndipo nikajifunza utaratibu wa wodi. Mtoto akizaliwa na kasoro kubwa na akafa, au unaona kabisa hatafika kesho, unaandika amezaliwa mfu, na kwenye safu ya kasoro unapiga mstari mdogo. Akiwa hai na kasoro yake ni ya kufunikika, unaandika kawaida. Mkubwa wa zamu alikuwa anapita nyuma yako anasema chini chini, "Huyo msitiri," na kila mtu alielewa. Hakuna aliyetuandikia amri hiyo. Tuliita kusitiri. Tulikuwa tunamsitiri mama ili akirudi kwake apokelewe, apewe uji, alale.

Na zile siku za vitanda kujaa, mwenzangu, tulikuwa tunaandika kawaida kabla hata mtoto hajageuzwa. Unaangalia kilichoandikwa kwa mtoto wa juu yake kwenye rejista, unafuatisha. Kwa hiyo wengine hatukuwaficha, hatukuwaona tu. Mtoto mfu tulimfunika khanga akaondoka vile vile, mgongo wake haukuangaliwa na mtu.

Nilijiona mtu mwema. Hilo linaniuma kuliko yote. Ningekuwa mvivu au mwizi wa dawa ningejua kwamba nina kosa, ningeungama. Lakini kila nilipopiga ule mstari nilimkumbuka Tabitha, na nikatoka kazini nikiwa na roho nyepesi, nikaja nyumbani nikawapikia.

Halafu wakaja wale wageni. Wewe ulikuwa kidato cha pili, ile sketi yako ya kijani niliyokuwa naipunguza kila likizo. Walikuwa daktari mmoja mzee na dada mmoja kijana mwenye kompyuta. Wakafungiwa kwenye chumba cha kumbukumbu na marejista yetu, wanahesabu watoto waliozaliwa na kasoro. Mimi nikawa nawapelekea chai. Yule dada akaniuliza, "Sista, kwenu hizi kesi ni chache hivi kweli?"

Nikamwambia, "Ziwa linatulisha samaki, mwanangu, Mungu katupenda."

Akacheka. Halafu akauliza tena, "Na mtoto akizaliwa mfu, huwa mnamgeuza mkamwangalia mgongo?"

"Tunamfunika," nikasema. "Si heshima kumgeuzageuza."

Akaniangalia, Shija. Nafikiri alijua. Lakini atafanya nini na kitabu kinasema hakuna? Akaandika kile alichokikuta. Hesabu yao ilikuwa ya kuchagua wapi pa kuanzia kuwagawia wasichana vidonge vya foliki, kabla hawajaolewa, kabla hawajabeba mimba, maana kichwa na mgongo wa mtoto hufunga mapema mno, mwenyewe hujajua hata kama una mimba. Wakaenda kuanzia mkoa mwingine, wenye vitabu vilivyojaa. Sisi wakatushukuru kwa ushirikiano, wakatununulia soda. Niliinywa ile soda.

Sijui kama vidonge vile vingekufikia. Sijui kama ungevimeza, unavyochukia dawa. Sijui kama vingebadilisha chochote, kwa sababu hata anayemeza anaweza kumpata mtoto wa namna hiyo. Nimejiuliza mpaka kichwa kimechoka, na hakuna atakayenijibu. Najua tu kwamba mlango ulibishwa na mimi nikajibu kwamba humu hakuna watu, na wewe ulikuwa humo.

Sasa nifike kwa mwanao. Najua hutaki, lakini nifike.

Ulikuja kwetu kujifungua kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza, na mimi nikabadilishana zamu wodini ili nikupokee mwenyewe. Sikumwamini mtu mwingine na wewe. Ultrasaundi ulifanya mara moja tu, mapema, tukasikia moyo unadunda tukafurahi tukaondoka, wala sikukuhimiza urudi. Mkunga mzima. Mtoto alipotoka nikaona kichwa chake juu hakikufunga. Macho yalikuwepo, pua ilikuwepo, vidole virefu kama vyako. Juu ya nyusi hapakuwa na fuvu. Mikono yangu ikafanya kazi yenyewe, ikamfunika kichwa. Akatoa sauti, ndogo, ya kukoroma. Ukainua shingo ukaniuliza, "Mama, analia?"

Nikakwambia, "Hapana. Ni mashine."

Mashine ya kufyonzea ilikuwa imezimwa, Shija. Alikuwa anapumua. Nikakugeuzia mgongo, nikamshika kifuani mpaka akaacha. Halafu nikaenda mezani nikaandika amezaliwa mfu, nikapiga mstari kwenye safu ya kasoro, na mkono haukukawia. Ulikuwa umeshazoea.

Mumeo Magesa alikuwa amekaa nje kwenye ngazi, ameshika viatu vyako. Akaniuliza kwa adabu, "Mama, alikuwa na tatizo gani?" Nikamwambia ni mapenzi ya Mungu. Alitaka kujua, mtoto wa watu, nikamfungia mlango na jina la Mungu. Na mama yake alipopiga simu akauliza, "Kwani kwenu haya yapo?" Nikasema hapana, ni mtoto mfu tu, huwa inatokea. Nikasikia anashusha pumzi. Nikajiambia kwamba nimekusitiri.

Nikakaa na jambo hili kifuani mpaka uliponiambia kwamba Magesa amepata kazi ya umeme kwao Musoma, kwamba mnataka kujaribu tena. Hapo maji yakanifika shingoni, nikakwambia yote. Ukalia, ukanipiga begani kwa ngumi, sikukuzuia. Lakini ulipomaliza kulia ulisema kitu kilichonitisha kuliko zile ngumi. Ulisema, "Basi iache ilivyoandikwa. Kule wanajua alikuwa mfu. Usiguse."

Nilitegemea utanilaani. Sikutegemea utanifuata.

Shija, jina lako lina maana, unaijua. Kaka zako walikuja mapacha, tukawaita Kulwa na Doto, na wewe uliyewafuata ukawa Shija, na katika nchi nzima hii ya Wasukuma anayesikia jina lako anajua akina nani walikutangulia. Jirani yetu alitanguliza miguu, akaitwa Kashinje, na hadi leo anaitikia na kucheka. Sisi tunasema wazi mtoto alivyokuja duniani, tunampa liwe jina lake atembee nalo. Huyu wako tulimzika mimi na mama yako mdogo bila jina, bila kusema alivyokuja. Nimekaa nikifikiria hilo, nimelia kama mtoto. Tulijifunza wapi kuona aibu?

Wiki iliyopita nilifanya ulilonikataza. Nilikwenda kwa kiongozi wa wodi, nikamwambia kwamba ile rejista ya mwaka jana nataka kuisahihisha. Alinishangaa. Akaita watu wa kumbukumbu, wakanikalisha. Hairuhusiwi kufuta, unapiga mstari mmoja juu ya uongo ili uendelee kusomeka, pembeni unaandika kilicho kweli, unatia sahihi. Nikaandika: amezaliwa hai, kike, kichwa hakikufunga juu, amefariki. Nikatia sahihi yangu. Nimetakiwa niandike maelezo kwa nini nilidanganya, na sijui watanifanya nini, na kusema kweli sijali.

Wakaniuliza, "Na wengine je?" Nikafungua kurasa za nyuma. Nikaona ile mistari yangu midogo, mingi, nikatafuta sura. Sikuweza. Namkumbuka mmoja mwenye mdomo uliopasuka, simkumbuki mama yake. Namkumbuka mama aliyekuwa anaimba pambio wakati wa uchungu, simkumbuki mtoto alikuwa na nini. Nikianza kukisia nitakuwa naongeza uongo juu ya uongo. Nikawaambia wale siwezi, wamepotea. Mkunga mmoja kijana alikuwa amesimama mlangoni, amenisikia nikieleza habari za Tabitha, akasema, "Mama, sasa tukiandika wakafukuzwa kama huyo Tabitha?" Nilimwambia aandike, halafu amwite mume na mama mkwe awaeleze mwenyewe, uso kwa uso, asiiachie kadi peke yake. Ndicho ambacho sikukifanya kwa Tabitha. Nilimpa karatasi nikamwacha avuke nayo.

Sasa wewe. Rejista ilikuwa na uongo wangu, nimeushughulikia. Kadi ni yako. Iko kwenye lile begi dogo jekundu, nimeiona wakati tunapanga nguo, na sijaigusa. Nakuomba tu. Nakuomba kwa magoti, na unajua magoti yangu yalivyo.

Mwanamke aliyempata mtoto wa namna hii anaweza kumpata mwingine kirahisi kuliko mwenzake. Si ukoo wako wenye mkosi, si wa Magesa, na mara nyingi hakuna ajuaye kwa nini. Lakini ipo dawa ya kupunguza hatari hiyo, na inapunguza sana: vile vidonge vya foliki, vile vya nguvu kubwa, si hivi vidogo vya kuongeza damu wanavyogawa kliniki mimba ikiwa imeshakua. Unaanza kumeza kabla ya mimba. Kabla, Shija. Na daktari hawezi kukupa kwa sababu ya mtoto mfu, anakupa kwa sababu ya mtoto ambaye kichwa hakikufunga. Usiposema, utapewa pole na vile vidogo, na mimi nitakuwa huku nahesabu miezi na kuota kile kichwa.

Juzi nilikuletea vile nilivyoandikiwa na daktari wetu ukavirudisha mezani. Ulisema mama Magesa anafungua mabegi ya watu. Ulisema atauliza vya nini, na ukimwambia atasema kwetu yapo, kisha Magesa atatafutiwa mwingine. Ukanitazama ukasema, "Wewe ndiye uliyenifundisha kunyamaza, Mama." Kweli. Nilikufundisha vizuri. Wewe siku zote ulikuwa mwepesi wa kushika.

Siwezi kukuahidi kwamba mama Magesa atakuelewa. Ningekuahidi ningekuwa nakudanganya tena. Pengine atapiga kelele, pengine atasema hayo hayo unayoyaogopa. Lakini mumeo niliyemwona pale kwenye ngazi na viatu mkononi aliuliza swali, na mtu anayeuliza anataka kujua. Mwambie yeye kwanza. Mwambie mtoto wake alipumua. Hicho nacho ni chake, nilimwibia. Halafu nendeni wote wawili kliniki, useme mbele ya nesi alivyozaliwa, na usimame hapo mpaka aandike. Usiondoke kwenye kiti mpaka uone ameandika. Mimi nawajua manesi.

Vidonge nimeviweka tena kwenye begi, katikati ya khanga mpya. Unaweza kuvitoa, sitakuwepo kukuzuia.

Ila nikwambie na hili, ulijue kabla hujapanda basi. Nimekupa nafasi ya kusema wewe, kwa sababu ni mwili wako na nyumba yako. Usiposema, nitasema mimi. Nitakuja Musoma na haya magoti mabovu, nitasimama mlangoni kwa mama mkwe wako, nimwamkie, na nimweleze mjukuu wake alizaliwaje na nani alimficha. Utaona aibu. Utanifukuza mbele ya watu. Nifukuze. Unichukie miaka yote niliyobakiza, Shija, nimekubali, ila unichukie ukiwa umembeba mtoto mgongoni.

Mama yako